Niliambiwa mtandao huu hauna mwenyewe. Kumbe unao, tena wengi

#1 Bundi Mkavu

Wakuu, salaam.

Kuna mdau aliniuliza kwenye uzi mwingine, "Huko Mastodon kunaendaje?" Nikamwahidi nitaandika. Nimechelewa, lakini naona ni heri, maana ningeandika mwezi wa kwanza ningewadanganya kwa sifa, na ningeandika mwezi wa tano ningewadanganya kwa hasira. Sasa nina mwaka na miezi kadhaa, damu imetulia.

Nianze na sababu ya kuhama. Mtandao niliotoka sitautaja. Sikufungiwa akaunti wala sikutukanwa na mtu. Nilikuwa nafuata watu kama mia tatu hivi, nimewachagua mmoja mmoja kwa miaka. Siku moja nikakaa na kalamu nikahesabu posti 40 za mwanzo nilizoletewa. Za watu ninaowafuata zilikuwa saba. Zilizobaki ni matangazo, ugomvi wa watu nisiowajua na video za watu wanaoanguka. Wiki hiyo hiyo nikagundua rafiki yangu wa karibu amefiwa na baba yake, ameandika, watu wamempa pole, na mimi nimekuja kujua baada ya wiki mbili. Akaniuliza, "Kwani hukuona?" Sikuwa na jibu. Hapo ndipo nilipoanza kutafuta mlango.

Walionipokea wakaniambia: "Njoo huku, huku hakuna mwenyewe." Ishikeni hiyo kauli, nitairudia.

Kwa wasiojua, chukulia barua pepe. Wewe uko kwa kampuni hii, mimi kwa kampuni ile, na bado tunaandikiana kwa sababu mitambo ya pande zote inaelewana. Mastodon ni hivyo hivyo, ila kwa posti. Kuna maelfu ya seva, yaani kompyuta zinazotunza akaunti na posti za watu, kila moja na mwendeshaji wake, sheria zake na watu wake, na zinapelekeana posti kwa itifaki, yaani kanuni za kuwasiliana, inayoitwa ActivityPub, ambayo W3C, shirika la viwango vya wavuti, liliipitisha rasmi Januari 2018. Programu yenyewe ilitoka 2016, mwanzilishi ni Eugen Rochko wa Ujerumani, na ni programu huria, kwa hiyo mwenye ujuzi na muda anaweza kuipakua akafungua seva yake. Ndiyo maana jina la mtu lina @ mbili. Ya kwanza inataja wewe ni nani, ya pili inataja umepanga nyumba gani.

Na nyumba si za aina moja. Kuna Pixelfed ya picha, PeerTube ya video, Lemmy ya majadiliano, na zinaonana. Nilimfuata mpiga picha mmoja wa ndege kwa miezi miwili, nalaiki, nakomenti, nikidhani tuko naye Mastodon. Kumbe mwenzangu yuko Pixelfed na hajawahi kufungua Mastodon maishani mwake.

Sasa kuchagua seva. Wengi wanaishia hapa. Unaletewa orodha ndefu, unaambiwa "chagua", na wewe hata hujui unachagua kwa kigezo gani. Mimi nilichagua moja ndogo ya wapenda vitabu kwa sababu jina lake lilinipendeza. Ikanipa kisanduku: kwa nini unataka kujiunga nasi? Nikajaza: "Nataka tu kuona." Siku tatu kimya. Ya nne ikaja barua pepe, maombi yamekataliwa. Nilicheka peke yangu. Sijawahi kunyimwa mtandao wa kijamii. Kule nilikotoka wanapokea hata roboti. Nikaomba tena, safari hii nikaandika sentensi tatu za adabu kuhusu ninachosoma. Haikupita saa moja nikakubaliwa, na mwendeshaji mwenyewe akanisalimia hadharani kwa jina. Miaka yote kule sikuwahi kusalimiwa na mwenye mtandao.

Halafu ukimya. Jamani, ukimya.

Asubuhi ya kwanza nafungua, posti mbili. Jioni nafungua, zile zile mbili. Kidole kimeshazoea kuvuta skrini ili ijae kitu kipya, unavuta, unaachia, hakiji kitu. Nilihisi kama nimeingia ukumbini baada ya shughuli kuisha. Kumbe ndivyo ilivyotengenezwa: ukurasa wako unaonyesha posti za watu na mada ulizofuata, kwa mpangilio wa muda, basi. Hakuna algoriti inayokuokotea. Usipofuata mtu, utakodolea macho ukuta.

Kingine kilichonichanganya ni kwamba seva ndogo inajua tu kile ambacho watu wake wameshakigusa. Unafungua wasifu wa mtu mwenye posti elfu, unaona tatu. Unadhani ni mvivu, kumbe seva yako ndiyo kwanza inasikia jina lake leo. Kutafuta neno la kawaida nako kulikuwa kwa taabu mpaka toleo la 4.2 la Septemba 2023, na hata hapo unaletewa tu posti za walioridhia kutafutwa, tena kama seva yako imewasha huo utafutaji. Kwa hiyo hashitegi huku si urembo. Unaifuata hashitegi kama unavyomfuata mtu. Nilipofuata kama kumi hivi, na kuandika posti ya kujitambulisha yenye hashitegi zake, ndipo mlango ulipoanza kubishwa. Ile posti ilipata majibu kumi na moja. Si laiki, majibu. Kule nilikuwa na wafuasi elfu nne na nikiandika kitu napata laiki sita, moja ya shangazi.

Niwape kisa kimoja. Wiki ya nne niliposti picha ya dirisha langu siku ya mvua. Mtu mmoja akajibu kwa upole: "Ungetueleza kilichomo? Sioni." Nikadhani picha imegoma kufunguka. Nikamwambia, "Jaribu kuifungua upya, labda ni mtandao." Akajibu: "Hapana, ndugu yangu. Sioni kwa macho. Simu ndiyo inanisomea."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikarudi kwenye picha, kuna sehemu ya maelezo ambayo siku zote nilikuwa nairuka, nikaandika: "Dirisha, matone ya mvua kwenye kioo, nyuma yake taa moja ya njano iliyofifia." Akaandika: "Ahsante. Hiyo taa ndiyo picha yenyewe."

Tangu hapo siposti picha bila maelezo. Na nimegundua kitu: ukilazimika kuieleza picha kwa maneno, nusu ya picha zako unaona hazina haja ya kupostiwa.

Ila msije mkadhani ni peponi. Kuna watu huku ni mgambo wasiolipwa. Unaandika jambo la siasa bila kuliwekea onyo la kulifunika, wanakuja watatu kukukaripia, tena kwa aya ndefu, maana nafasi ya kuandika ni herufi 500 kwa kawaida na wanazimaliza zote. Onyo lenyewe ni kitu kizuri kwa picha za damu au habari za msiba. Lakini kuna aliyenifokea kwa kuandika nimechoka. Huyo nilimnyamazisha, na kitufe cha kunyamazisha kipo karibu.

Mwezi wa tano, tangazo. Mwendeshaji wetu amechoka. Alikuwa analipia seva kwa mfuko wake na michango ya watu wachache, analala simu ikiwa mkononi akipokea malalamiko ya fulani kamtukana fulani. Akatupa miezi mitatu ya kujipanga. Hiyo miezi mitatu si hisani yake peke yake: seva zinazotaka kuorodheshwa kwenye tovuti rasmi ya Mastodon lazima ziahidi kutoa taarifa ya muda huo kabla ya kufunga. Nashukuru aliiheshimu. Lakini nilikasirika kweli. Si mliniambia hakuna mwenyewe?

Yuko. Wapo maelfu. Kilichobadilika ni kwamba mwenye nyumba wangu nilimjua, nikaweza kumuuliza na akanijibu, na nilipohama niliondoka na watu wangu. Na si wote niliokuwa nao, na si kila kitu. Unafungua akaunti mpya kwingine, unaiambia kwamba akaunti ile ya zamani ni yangu, kisha unarudi ya zamani unabofya kuhama. Wafuasi wanaanza kujivuta wenyewe. Nilikaa natazama namba inapanda, 14, 39, 120, kama mtu anayehesabu mizigo inavyoshushwa kwenye gari. Ilisimama 212 kati ya 260. Orodha ya unaowafuata unaipakua kama faili unaipandisha upya. Ila posti hazihami. Mia sita na kitu zangu ninazo kwenye faili moja kubwa kwenye kompyuta, naweza kuzisoma, siwezi kuzirudisha hewani.

Usiku wa mwisho tulibaki macho kama watu thelathini. Mmoja alikuwa anatunga shairi la kuaga, kila ubeti posti yake. Tulipata beti nne. Nikiwa nangoja wa tano, ukurasa ukakataa kufunguka.

Maswali karibuni.

#2 Kisiki

Mkuu umeandika. Ila niwe mchokozi kidogo: taabu yote hiyo ya nini na Bluesky, mtandao mwingine wa aina hii, ipo? Mimi niliingia dakika mbili, hakuna aliyeniuliza nasoma vitabu gani.

#3 Nukta Tatu

Naunga mkono hoja ya Kisiki. Niko Bluesky tangu walipofungua milango kwa watu wote Februari 2024, kabla ya hapo ilikuwa mpaka upewe mwaliko. Sura yake ni ile ile tuliyoizoea, herufi 300, unaingia unaanza. Na suala la algoriti wamelitatua kwa namna ninayoipenda: mtu yeyote anaweza kutengeneza mlisho wake, yaani utaratibu wa kuchagua posti za kuonyeshwa, na wewe unachagua utumie upi. Nina wa wanasayansi na nina mwingine wa picha za paka tu. Siku ikiwa mbaya nashinda kwenye paka.

Pia jina langu ni domeini yangu mwenyewe, yaani anwani ya tovuti yangu. Hilo nalo si dogo.

#4 Bundi Mkavu

Nukta Tatu, sina ugomvi na paka.

Bluesky nimeijaribu. Ilizaliwa kama mradi ndani ya Twitter mwaka 2019 kabla ya kujitegemea, na wana itifaki yao, AT Protocol. Kwa upande mmoja wametupita: wao walijenga tangu mwanzo wazo la kwamba ukihama unaondoka na posti zako pamoja na wafuasi. Ningekuwa nalo hilo, mia sita zangu zisingelala kwenye faili.

Shaka yangu ni moja. Watu walio wengi mno kule wamekaa kwenye mitambo ya kampuni ile ile moja iliyoanzisha. Mlango wa kutokea umejengwa, ni mzuri, lakini wanaoutumia ni wachache. Mimi huku nimefungiwa nyumba kabisa na nikatoka. Najua mlango unafunguka kwa sababu nimeshapita.

Kwa wasiotaka kuchagua upande, kuna daraja linaitwa Bridgy Fed. Unalifuata kwa akaunti yako, na watu wa upande wa pili wanaanza kuona posti zako. Nina marafiki wawili tunasomana hivyo.

#5 Mama Kebo

Nimesoma nikanyamaza, lakini hapo kwa mwendeshaji aliyechoka nimeshindwa. Ninaendesha seva ya watu arobaini. Niwaambie msichokiona.

Kwanza, diski. Watu wangu arobaini wakifuata watu elfu tatu wa nje, picha na video za hao elfu tatu zinakuja kukaa kwangu. Mwezi wa pili niliamka nikakuta diski imejaa, seva haipokei kitu, na kosa ni picha za chakula za watu nisiowajua. Sasa nimepanga picha za nje zifutwe kila baada ya siku saba, anayezihitaji tena zitaletwa upya.

Pili, malalamiko. Mengi ni matangazo ya kitapeli, hayo unafuta huku unakunywa chai. Mabaya ni ya watu wawili wa kwenu wenyewe, wote wawili unawapenda, kila mmoja anataka umfukuze mwenzake. Hakuna programu itakayokusaidia hapo. Niliwaandikia kila mmoja kwa wakati wake, nikalala saa tisa usiku, na mmoja aliondoka hata hivyo.

Tatu, kufungia seva nzima. Mwaka 2019 Gab, mtandao uliojaa chuki, ulihamia kwenye programu ya Mastodon. Kwa kuwa ni programu huria hakuna wa kuwazuia wasiitumie. Lakini seva nyingi ziliwafungia, zikagoma kupokea wala kupeleka kitu kwao. Wakabaki wanaongea wenyewe kwa wenyewe. Hiyo ndiyo nguvu tuliyonayo, na inakata pande zote: mwendeshaji wako akifungia seva anakokaa rafiki yako, mmepotezana, na huenda wasikuulize. Meta, wenye Facebook, walipoleta mtandao wao wa Threads Julai 2023 na kusema itaunganishwa na ActivityPub, kuna seva zilizowafungia kabla hata hawajafika. Mimi sikuwafungia. Watu wangu watatu walihama kwa hilo.

Kwa hiyo unapochagua seva usiangalie jina tamu kama Bundi. Soma ukurasa wake wa "Kuhusu". Angalia waendeshaji ni wangapi, kama ni mmoja jiulize akiugua itakuwaje. Angalia wanalipiaje. Kisha uchangie, hata kidogo.

#6 Kisiki

Mama, shikamoo. Swali: kwa hiyo inboksi za watu unazisoma?

#7 Mama Kebo

Marahaba. Sina kitufe cha kuzisoma na sijawahi kuzitafuta. Lakini ujumbe wa faragha huku haujafumbwa mwisho hadi mwisho, yaani usomwe na mwandikaji na mwandikiwa tu. Umekaa kwenye hifadhidata ya seva yangu, na nakala nyingine imekaa kwenye seva ya unayemwandikia. Mwenye funguo akiamua kuangalia, anaangalia. Huo ujumbe ni posti tu ambayo imepangiwa wasomaji wachache, na ukimtaja mtu wa tatu kwa @ ndani yake, naye unamfikia. Nimeshuhudia mtu akimsengenya mwenzake kwa kumtaja kwa @. Mambo ya siri pelekeni Signal, programu ya ujumbe uliofumbwa hivyo.

Na kufuta pia. Ukifuta posti, seva yangu inazitumia nyingine ombi la kufuta. Nyingi zinatii. Neno ni ombi.

#8 Chura Mpole

Mimi niseme upande wa pili. Niliingia Novemba 2022, lile wimbi la baada ya Elon Musk kuinunua Twitter mwishoni mwa Oktoba kwa dola bilioni 44. Seva zilikuwa zinaelemewa, posti inafika kesho yake. Nikavumilia miezi sita. Nilichokosa si algoriti wala nini, ni watu. Darasa langu la zamani halikuhama. Ndugu zangu hawakuhama. Nikawa nina marafiki wapya wazuri sana wanaonifundisha kuhusu treni na taipureta, na sijui dada yangu anaendeleaje.

Nikarudi. Sioni aibu.

#9 Bundi Mkavu

Chura, wala usione. Na kwa kuwa umesema kweli, nami niseme nilichokiruka kule juu.

Yule rafiki niliyekosa msiba wa baba yake hayuko huku. Nilimshawishi, nikamchagulia seva, nikamfungulia akaunti mimi mwenyewe simu yake ikiwa mkononi mwangu. Alikaa siku nne. Siku ya tano aliniambia, "Kaka, huku nikiandika naona kama naongea na redio." Akarudi zake.

Kwa hiyo niliyehama kwa ajili yake, sikumpata. Kilichotokea ni kwamba baada ya kuhama sikuwa tena na ule uongo wa kudhani namwona kila siku. Sasa nampigia simu Jumapili jioni. Mara nyingine tunaongea dakika tatu, mara nyingine anapiga stori mpaka chaji inaisha. Mastodon haihusiki na hilo hata chembe, lakini nadhani nisingehama nisingempigia.

Akaunti ya zamani sijaifuta. Nimeacha posti moja juu kabisa inayosema ninapopatikana. Waliokuja kwa kuifuata ile posti ni wanne.

#10 Nukta Tatu

Mama Kebo, hiyo ya kumsengenya mtu kwa @ imeniua.

Bundi, yule wa shairi ulimpata tena?

#11 Bundi Mkavu

Nilimpata baada ya miezi miwili kupitia hashitegi ya ushairi, yuko seva nyingine. Nikamuuliza ubeti wa tano uko wapi. Akasema hakuwahi kuuandika, alikuwa anaufikiria.

#12 Kisiki

Wakuu, msinicheke. Nimechagua seva, waendeshaji wake ni watatu, michango wanaitangaza wazi, "Kuhusu" nimeisoma yote. Sasa wameniletea kisanduku wananiuliza kwa nini nataka kujiunga. Niandike nini?

#13 Bundi Mkavu

Chochote isipokuwa "nataka tu kuona".